Mikono ya Kushoto

Anayejua ananyoosha mkono wa kulia. Asiyejua ananyoosha wa kushoto. Ila wote mnanyoosha, na mnanyoosha mpaka makwapa yaume.

Hivyo ndivyo sisi walimu wa wilaya yetu tunavyowafundisha watoto kabla ya somo la wageni, na sioni sababu ya kulificha jambo hilo. Somo la wageni ni lile ambalo watu wa idara ya elimu wanakuja kukaa nyuma ya darasa na kalamu zao, wakiangalia unavyofundisha. Wakiona mikono yote imesimama, wanaandika kwamba darasa limechangamka. Mwalimu anachagua mkono wa kulia, mtoto anasimama, anajibu kama redio, kila mtu anafurahi. Nimefundisha Kiingereza tangu enzi za chaki na vumbi, sijawahi kukanyaga nchi yoyote wanakokizungumza, na nimevuka masomo ya wageni mengi kwa mikono hiyo hiyo. Mwalimu anayesema hajawahi kufanya hivyo ni mwongo, au anafundisha michezo.

Kuang Shuyan hakuuvumbua mchezo huo. Aliukuta kwetu, na mimi ndiye niliyemfundisha.

Kuang alikuwa mwalimu wa mkataba. Ofisini kwetu walimu wote wa Kiingereza tulikuwa na ajira ya kudumu isipokuwa yeye, aliyekuwa akisaini upya kila mwaka na kusubiri kwa roho mkononi. Mwaka huo watoto walikuwa wamepungua, mikataba ikaanza kukatwa, na idara ikatangaza kwamba kwa wilaya nzima kuna nafasi moja tu ya kudumu ya Kiingereza. Nafasi hiyo ingekwenda kwa mshindi wa shindano la masomo ya wageni. Kuang akishinda, anabaki na sisi mpaka azeeke. Akishindwa, muhula ukiisha anafunga mizigo.

Nilimpenda yule binti, nasema wazi. Alikuwa anakula tambi zake za pilipili amesimama, bakuli mkono mmoja na kalamu nyekundu mkono wa pili, akisahihisha maneno ambayo watoto wameandika kwa kusomewa. Asubuhi, wakati darasa zima linasoma kwa sauti na sisi wengine tunakunywa maji ya moto ofisini ili tupate nguvu ya kuwagombeza, yeye alikuwa kwenye baraza pamoja na Xiang Muhe, wamechuchumaa ukutani, wanasoma neno moja moja.

Nikuambie kuhusu Muhe. Alikuwa msichana wa kidato cha pili, mkimya, nywele amejikata mwenyewe, wazazi wake wako mbali Guangdong, kusini mwa China, kwenye kiwanda cha viatu, anaishi na babu yake ng'ambo ya mto. Hakuwa mjinga. Ila mstari wa Kiingereza ulikuwa unamkimbia. Alikuwa akisoma maneno matatu, anarudi la kwanza, anaruka mstari, anapotea, anaanza upya, na darasa zima linasikiliza limebana pumzi. Kuang akamfundisha dawa moja: weka kidole cha mkono wa kulia chini ya neno unalolisoma, usikiondoe mpaka umelimaliza, na usijali nani anacheka. Basi Muhe akawa anatembea na kidole chake kwenye kitabu kama mtu anayevuka mto kwa kupapasa mawe. Mwendo ulikuwa wa kobe, lakini alikuwa anafika.

Tatizo ni kwamba wageni hawana muda wa kobe.

Juma kabla ya shindano, Mkuu wetu wa shule, Bwana Tan, aliingia ofisini na chupa yake ya chai, akasimama kwenye meza ya Kuang. Alisifu andalio la somo. Alisifu picha za ukungu atakazoonyesha ukutani. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya mboga, kwamba yule mtoto wa akina Xiang, Muhe, siku hiyo ana homa.

"Hana homa, Mkuu," Kuang akasema.

"Atakuwa nayo."

Akaondoka. Kila mtu ofisini akazama kwenye madaftari yake. Kuang akanigeukia mimi, Mwalimu Luo, kwa kuwa nilikuwa mkubwa wao, na kwa kuwa nina mdomo.

Nilimwambia ukweli kama nilivyouona, na hata leo ningemwambia vile vile. Nilimwambia somo lina dakika arobaini, na Muhe akisimama kusoma aya moja tu, tano zimeliwa. Majaji hawatajua kwamba mwaka jana hakuweza kusoma hata jina lake. Wataona mtoto anayekwama na mwalimu anayesubiri. "Mkataba unaokatwa ni wako, mdogo wangu," nikasema. "Muhe atakuwepo kesho yake. Wewe je?"

Alimaliza kusahihisha rundo lote, akafunika kalamu, akatoka. Mimi nikamfuata mpaka mlangoni, kwa umbeya tu, sitaki kujitetea.

Alimkuta Muhe barazani. Alimwambia mwalimu wa michezo anahitaji msaidizi wa kupanga mipira stoo, siku za mazoezi ya somo na siku yenyewe. Alisema hayo akiangalia ukuta. Muhe alimsikiliza mpaka mwisho. Sura yake haikubadilika hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma, kwa sababu mtoto asiyeshangaa jambo kama hilo ameshalizoea.

"Naweza kwenda na kitabu, Mwalimu?" akauliza.

Kuang alisema anaweza.

Mazoezi tukayafanya kwenye ukumbi mdogo, mara tatu, kila kitu kikiwa kama siku yenyewe. Kifungu cha kusoma kilikuwa cha mzee mmoja anayeishi kisiwani. Ukungu ukishuka, mzee anapiga kengele ili mashua zisigonge mawe. Miaka inapita, watu wa mashua wanahamia mjini, mmoja mmoja, mpaka hakuna anayepita tena. Mzee anaendelea kupiga. Somo lilianza na maneno mapya: ukungu, kengele, mwamba, subiri. Likaendelea na kusoma kwa sauti, kisha maswali. Swali la mwisho lilikuwa lile ambalo jibu lake halimo kwenye kifungu: kwa nini mzee aliendelea kupiga kengele ilhali mashua hazipo? Hapo ndipo penye alama, kwa sababu majaji wanapenda mtoto anayefikiri. Na mtoto wa kufikiri tulikuwa naye. Peng Jiayao, kiongozi wa Kiingereza wa darasa, alikuwa amekariri kufikiri kwake kwa sentensi nne safi kuhusu wajibu na upendo wa kazi.

Jiayao ndiye aliyekuwa anakaa dawati lililoungana na la Muhe. Kwenye mazoezi ya kwanza aliuliza mwenzake yuko wapi. Kuang akasema anamsaidia mwalimu wa michezo. Kwenye mazoezi ya pili Jiayao hakuuliza. Kwenye ya tatu dawati la Muhe lilikuwa limetolewa kabisa, maana kiti kitupu kinaonekana vibaya kwenye kamera ya idara inayorekodi somo, na Jiayao alikuwa amesukumwa mpaka katikati ya mstari. Nilimwona anaangalia sakafu pale penye alama za miguu ya dawati. Nikadhani anakariri.

Siku yenyewe ilikuwa ya Desemba, baridi ya kwetu ile ya unyevu inayoingia mpaka kwenye mifupa. Watoto walikuwa wamevaa makoti juu ya sare, pua nyekundu. Majaji walikaa nyuma kwa mstari, vikombe vya karatasi mbele yao, na mwenyekiti wao alikuwa Bi Ruan, mwanamke wa nywele fupi aliyewahi kufundisha Kiingereza kabla hajapanda idarani. Mkuu Tan alikaa kando yake akiwa ametabasamu tangu getini. Mimi nilikaa nyuma yao, mahali ambapo naona migongo ya watoto wote na uso wa Kuang.

Alianza vizuri mno. Alizima taa, ukungu ukajaa ukutani, halafu kwenye kipaza sauti ikasikika kengele, mbali kabisa, kisha karibu. Watoto wakanyamaza wenyewe. Akauliza wanasikia nini. Mikono ikapanda, ya kulia imejaa, ya kushoto michache huku na kule kama ilivyo kawaida. Akachagua, wakajibu. Neno likaja, wakalitamka wote, wakalitumia kwenye sentensi. Bi Ruan aliandika. Mkuu Tan alinigeukia akaninyanyulia nyusi. Nami nikaanza kuhesabu ushindi kabla ya wakati.

Kisha Kuang akasema wafungue kifungu, akauliza nani atatusomea aya ya kwanza.

Mikono ikapanda. Yote. Ilipanda kwa mpigo mmoja, imenyooka, haitikisiki, na yote ilikuwa ya kushoto.

Mwanzoni nilidhani macho yangu yananidanganya kwa sababu ya giza. Nikatazama mstari kwa mstari. Kushoto, kushoto, kushoto. Na hao walikuwa watoto walioisoma aya ile mpaka wakaichoka, wanaoweza kuisoma wakiwa usingizini. Mbele yangu jaji mmoja alimnong'oneza mwenzake kwamba darasa hili lina ari.

Kuang alisimama na kitabu mkononi. Alitabasamu, akasema kwa Kiingereza kwamba labda swali ni gumu, aanze na jepesi. Akaonyesha picha ya kengele. Hii inaitwaje? Neno lenyewe walikuwa wamelitamka muda si mrefu, kwa sauti ya kupasua paa.

Mikono ya kushoto, yote.

Hapo ndipo alipomwangalia Jiayao. Yule mtoto alikuwa amekaa peke yake katikati ya mstari, mkono wa kushoto juu, mkono wa kulia ameuweka ukingoni mwa meza, upande ambao mwenzake angekuwa. Uso wake sikuuona, lakini shingo yake ilikuwa imeinama, haikuwa ya mtoto mwenye jeuri. Kuang naye alibadilika rangi, akawa mweupe kama ile picha ya ukungu nyuma yake, na nikajua ameelewa, kwa sababu na mimi nilielewa wakati ule ule. Wageni walikuwa wanaona darasa lililochangamka. Yeye peke yake alikuwa anaambiwa, na watoto wake wote kwa pamoja, kwamba bila yule mmoja hawajui kitu.

Nilikasirika. Nawapenda watoto lakini wakati ule ningeweza kuwachapa wote. Walijua nini kuhusu mkataba? Walijua kwamba huyu waliyemsimamisha pale mbele ndiye mtu pekee katika shule ile aliyechuchumaa na Muhe ukutani kila asubuhi? Kama walitaka kumwadhibu mtu, Mkuu Tan alikuwa amekaa hapo hapo na chai yake.

Kuang alimchagua kijana mmoja wa mstari wa mbele, mtoto mpole, wa kulialia, ambaye nadhani Kuang alitarajia hataweza kukaza msimamo. Kijana alisimama. Alifungua mdomo, akaufunga. Aliangalia kitabu, akaangalia dirisha. Machozi yakaanza kumtoka na bado hakusema neno kengele, ambalo hata mtoto wa chekechea analijua. Kuang akamwambia akae, ahsante. Kalamu ya Bi Ruan ilikuwa imesimama.

Sasa Mkuu Tan hakuwa anatabasamu. Alinigeukia na kuniuliza kwa meno yaliyobanwa kuna nini. Nikamwambia watoto wana woga.

"Woga gani? Si wamenyoosha wote?"

Yeye alitokea hisabati, ambako watoto huitwa ubaoni, haya mambo ya mikono hakuwahi kuambiwa.

Kuang aliweka kitabu mezani. Alivuta pumzi, niliona mabega yakipanda na kushuka. Alikuwa na njia: angeweza kusoma aya mwenyewe, akawasomesha wote kwa pamoja wamfuate, akayatupa maswali, akamaliza somo la wastani. Kwa somo la wastani na ule mwanzo mzuri, angeweza bado kushika nafasi ya juu. Nilikuwa namwomba kimoyomoyo afanye hivyo. Soma mwenyewe, mdogo wangu. Soma mwenyewe, twende nyumbani.

Akawaambia kwa Kiingereza wasome kimya kimya mpaka arudi. Kisha akatembea katikati ya madawati, akapita mbele ya majaji bila kuwaangalia, akafungua mlango, akatoka.

Mwalimu anayetoka darasani katikati ya somo la wageni! Sijawahi kuliona, na sikuwahi kumsikia mtu aliyeliona. Kiti cha Mkuu Tan kililia. Jaji mmoja alitazama saa, akaandika. Watoto walikuwa wameinamia vitabu, hakuna aliyekohoa. Baridi iliingia kwa mlango ulioachwa wazi, na kutoka nje tulisikia viatu vyake vikikimbia kwenye uwanja wa saruji, kuelekea stoo ya michezo.

Bi Ruan aligeuka taratibu, akaniuliza mimi, kwa adabu, kama hii ni sehemu ya somo.

"Ni sehemu ya somo," nikasema. Nilisema nikiwa nimemkazia macho, na kama ni uongo basi nimeshasema mwingi na mkubwa kuliko huo kwa sababu ndogo zaidi.

Tulisubiri. Sijui ulikuwa muda gani, ila ukungu ule wa picha uliendelea kutembea ukutani, na kengele kwenye kipaza sauti, ambayo hakuna aliyekumbuka kuizima, ilikuwa inalia kwa mbali.

Walirudi pamoja. Muhe alikuwa na vumbi la mipira kwenye mikono ya koti na kitabu ameking'ang'ania kifuani. Alipoona watu wa nyuma alitaka kurudi, nikamwona anarudisha mguu, Kuang akamwekea kiganja mgongoni. Dawati lake halikuwepo. Akasimama katikati, hajui aende wapi, mpaka Jiayao alipojisogeza kwenye ukingo wa kiti chake na kupiga nusu iliyobaki kwa kiganja. Wakakaa wawili kwenye kiti kimoja. Mtoto mpole wa mbele alijipangusa pua na koti.

Kuang akauliza tena nani atasoma aya ya kwanza. Ya kulia ikapanda kama msitu.

Basi somo likakimbia. Walisoma, walijibu, walibishana kwa Kiingereza chao cha kuvunjika kuhusu kama mwamba ni adui au siyo, mambo ambayo hatukuyafanyia mazoezi. Nilisahau kwamba nina baridi. Nikaanza tena kupiga hesabu: atakatwa alama kwa kutoka, ndiyo, lakini hii sehemu ya pili ni moto, na likija swali la mwisho na Jiayao akamwaga sentensi zake nne, tunaweza bado kuibuka. Muda ulikuwa umebaki kidogo. Ulitosha kwa Jiayao barabara.

Kuang akauliza swali la mwisho. Kwa nini mzee aliendelea kupiga kengele?

Mikono ya kulia ilijaa, na wa Jiayao ulikuwa mbele ya wote, umenyooka. Kando yake, kutoka kwenye kiti hicho hicho, ulipanda mkono mmoja wa kushoto.

Wa Muhe.

Kuang alikuwa ameshaanza kuelekeza kiganja kwa Jiayao. Kiganja kikasita hewani. Nilijua anachokiona: mtoto mmoja anayejua, na mtoto mmoja asiyejua, bega kwa bega, na kengele ya shule iko karibu kulia. Shubiri moja tu ya kiganja, na ajira ya maisha. Nilikunja vidole ndani ya viatu. Jiayao, Jiayao, Jiayao, nikasema ndani ya meno.

"Muhe," Kuang akasema.

Msichana akasimama. Darasani kwa Kuang palikuwa na sheria kwamba kabla hujajibu unasoma sentensi inayokupa haki ya kujibu. Muhe aliijua, maana ilikuwa sheria ya barazani pia. Akainamisha kichwa, akaanza kusoma sentensi ya mwisho ya kifungu, ile ndefu. Alisoma neno. Akasimama. Akasoma la pili. Akarudi la kwanza. Mimi nilikuwa naona mgongo tu na masikio yaliyokuwa yanawaka. Jaji mmoja alijikuna. Mwingine alifunika kalamu yake kabisa. Hakuna mtoto aliyemnong'oneza, hakuna aliyecheka, na Kuang hakumsaidia hata silabi moja, alisimama tu akimwangalia kama mtu mwenye siku nzima.

Kengele ya shule ikalia. Huko nje madarasa mengine yakafunguka, kelele zikajaa kwenye baraza. Muhe alikuwa katikati ya sentensi. Alimtazama Kuang, na Kuang akamwitikia kwa kichwa: endelea. Kila sekunde baada ya kengele ni alama. Mkuu Tan alikuwa ameufunika uso kwa mkono.

Aliimaliza. Kisha akanyanyua kichwa, akajibu, kwa Kiingereza chake cha maneno madogo madogo ambacho nakigeuza hapa kama nilivyokisikia:

"Kuna ukungu. Yeye haoni. Labda mashua moja ipo."

Akakaa kwenye nusu yake ya kiti. Jiayao aligeuka akamwangalia kwa mdomo wazi, na sentensi zake nne za wajibu na upendo wa kazi zikabaki tumboni. Kuang alisema ahsante, somo limekwisha.

Wageni walipokuwa wakinywa chai, Bi Ruan alinivuta kando. Nilijiandaa kwa uongo mwingine. Yeye akasema tu kwamba alifundisha Kiingereza kwa miaka mingi katika wilaya hii hii, na je, nilidhani mikono yote ile ya kushoto hakuiona? Nikainamia kikombe changu cha chai.

"Wangu hawakuwahi kunifanyia vile," akasema. "Sijui kama ni bahati." Akaongeza kwamba kutoka darasani kuna makato yake na kupitisha muda kuna makato yake, yameandikwa, yeye hawezi kuyafuta kwa sababu jambo limemgusa. Akaweka kikombe chake, akaenda.

Alasiri matokeo yakaja kwenye simu ya Mkuu Tan. Kuang alikuwa wa tatu. Nafasi ilikwenda kwa mwalimu wa shule nyingine. Mkuu alitusomea kwa sauti, akasema maneno mawili ya pole yasiyokuwa na chumvi, akarudi ofisini kwake akafunga mlango.

Nilitoka nje nikiwa na hasira za kumtafuta mtu wa kumtolea. Nikamkuta Muhe uwanjani, yeye na Jiayao wamebeba dawati, wanalirudisha. Nilimsimamisha. Nikamuuliza, kwa ukali ambao hakuustahili, kama alikuwa anajua jibu, kwa nini basi alinyoosha mkono wa kushoto.

Alinitazama asielewe. "Wa kulia ulikuwa kwenye kitabu, Mwalimu," akasema. "Ningeuondoa ningepotea mstari."

Nikamuuliza kama hakujua maana ya mikono. "Maana gani?" akauliza. Jiayao aliyekuwa ameshika upande wa pili wa dawati akainamisha macho. Na hapo likanijia. Mazoezi yote matatu alikuwa stoo. Na kabla ya hapo, shule ya msingi, kila walipokuja wageni, si alikuwa na homa? Nikamuuliza. Akasema ndiyo, au babu yake alikuwa mgonjwa. Mtoto wa kidato cha pili, na hakuna aliyewahi kumfundisha lile ambalo tunamfundisha kila mtu, kwa kuwa hakuwahi kuwepo. Nilishindwa kuendelea na ukali. Niliona aibu, aibu ya kweli, nikawaambia walipeleke dawati kabla mvua haijanyesha.

Kuang alikuwa bado ukumbini, anakunja nyaya za kipaza sauti. Nilimweleza habari ya kidole. Nilidhani namletea kitu cha kumfariji. Akaacha nyaya, akakaa kwenye dawati la mbele.

"Kumbe alijua," akasema.

"Ina maana wewe hukujua kwamba anajua?"

"Ningejuaje? Niliona wa kushoto. Nikajua hajui."

"Na Jiayao alikuwa na wa kulia, pale pale mbele ya pua yako."

"Nilimwona."

Nilisimama pale nikimwangalia binti wa watu aliyekuwa na majuma machache tu ya kubaki kwetu, na nilitaka kumtikisa mabega. "Sasa kwa nini, mdogo wangu? Unajua hajui, kengele inakaribia kulia, kazi yako yote iko pale. Kwa nini umwite yeye?"

Alinitazama kwa mshangao, kama vile mimi ndiye niliyekuwa nimepotea mstari.

"Alinyoosha mkono, Dada Luo."